UCHAMBUZI: Mcheza kwao alipokosa kutuzwa: Masaibu ya Ding Liren katika sataranji ya mtandaoni

NA MWANDISHI WETU

MCHEZA kwao hutuzwa, wahenga walinena. Hata hivyo, gwiji wa sataranji kutoka China, Ding Liren, alicheza kwao mwaka wa 2020 na badala ya tuzo akaambulia masikitiko.

Katikati ya mwaka huo, walimwengu wakiwa wamejifungia majumbani kwa sababu ya janga la corona, Ding alikuwa akimenyana na Magnus Carlsen wa Norway katika nusu-fainali ya mashindano ya Chessable Masters. Kila mmoja alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, maelfu ya kilomita kutoka kwa mwenzake. Mchezo mmoja ulionekana kuelekea sare, na ghafla mtandao wa Ding ukakatika. Saa yake haikusimama kumsubiri. Sekunde ziliyoyoma hadi zikaisha, naye akahesabiwa kuwa ameshindwa.

Lililofuata lilizungumziwa kote duniani na wapenzi wa mchezo huo. Katika mchezo uliofuatia, Carlsen alimpeleka malkia wake mahali pa kuliwa bure akiwa amecheza hatua nne tu. Malkia alipoliwa, akasalimu amri papo hapo. Kwa njia hiyo alirudisha pointi aliyohisi kwamba hakuitolea jasho.

Uungwana huo ulistahili pongezi. Lakini je, mashindano ya kimataifa yanaweza kuendeshwa kwa hisani ya mpinzani? Na je, ingekuwaje iwapo aliyeketi upande wa pili angekuwa mtu mwenye njaa ya ushindi kuliko haya? Carlsen mwenyewe, baada ya kurudisha deni hilo, aliendelea kumbandua Ding katika nusu-fainali hiyo na hatimaye akatwaa taji.

Miaka miwili baadaye, Mei 2022, wawili hao walikutana tena katika nusu-fainali ya mashindano yenye jina hilo hilo, na mara hii ni Ding aliyeibuka mshindi. Safari yake kutoka aibu ya 2020 hadi ushindi wa 2022 inatufunza mengi kuhusu mchezo huu mpya, ambao unafanana na ule wa zamani kwa sura tu.

Akili ile ile

Kwanza, msomaji aelewe Ding alikuwa nani kabla ya kompyuta kumtoa kijasho.

Alizaliwa Oktoba 1992 katika mji wa Wenzhou. Kati ya Agosti 2017 na Novemba 2018 alicheza michezo 100 mfululizo ya muda mrefu bila kushindwa hata mmoja. Ilimlazimu Mfaransa Maxime Vachier-Lagrave kusafiri hadi Shenzhen, China, ndipo mkufu huo ukakatwa.

Wapo wanaodhani kwamba stadi wa aina hiyo hushindwa mtandaoni kwa kuwa ni mzito wa kuamua, kwamba amezoea kutafakari kwa saa nyingi na sasa anatakiwa kucheza kwa dakika chache. Dhana hiyo haina mashiko. Mnamo Agosti 2019, katika mashindano ya Sinquefield Cup mjini St. Louis, Marekani, Ding na Carlsen walifungana kileleni na ikabidi waamuliwe kwa michezo ya kasi. Ding akamlaza Carlsen, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa hajashindwa katika michezo ya kuamua mshindi ya namna hiyo.

Basi kasi alikuwa nayo, na akili ilikuwa ile ile. Kilichobadilika kati ya Agosti 2019 na kati ya mwaka wa 2020 ni mahali alipoketi na kile kilichokuwa mbele yake.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuzibebesha nyaya lawama zote. Ding aliingia katika kipindi cha corona akiwa tayari amejeruhiwa. Mnamo Machi 2020 alikwenda Urusi kushiriki mashindano ya kumteua mpinzani wa bingwa wa dunia, yaliyochezewa Yekaterinburg. Kwa sababu ya janga hilo alilazimika kujitenga kwa wiki mbili kabla ya kuanza. Akapoteza michezo yake miwili ya kwanza. Mashindano yenyewe yalisimamishwa baada ya raundi saba, na wachezaji wakahangaika kutafuta ndege za kuwarudisha makwao. Wiki chache baadaye, mwezi wa Aprili, alikuwa mbele ya kompyuta katika Magnus Carlsen Invitational, mashindano ya zawadi ya dola 250,000, na huko pia Carlsen akamwondoa katika nusu-fainali.

Anayekumbuka jinsi timu zetu za kandanda zinavyorudi kutoka safari mbovu na kupigwa kwao wiki inayofuata hatashangazwa na hayo.

Waya, stima na bahati

Mtandao wa China unaovuka mipaka ya nchi hiyo huchujwa, na anayetaka kuwasiliana na mitambo iliyo nje mara nyingi hukumbana na ucheleweshaji. Kwa mtu anayesoma barua pepe, kuchelewa kwa sekunde tano si neno. Kwa mchezaji aliyebakisha sekunde nane kwenye saa yake, hicho ni kifo.

Kanuni za wakati huo zilikuwa kali na rahisi: kila mchezaji abebe msalaba wa mtandao wake. Ukikatika, saa yaendelea. Sababu yake inaeleweka, kwa maana kama saa ingesimama kila mtandao unapokatika, wapo ambao wangechomoa waya wenyewe ili wapate muda wa kufikiri.

Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE) lilionja uchungu wa kanuni hiyo Agosti 2020 lilipoandaa Olimpiadi ya kwanza ya mtandaoni. Armenia ilijiondoa katika robo-fainali dhidi ya India, baada ya rufaa yake kuhusu mchezaji aliyekatikiwa na mtandao kutupwa. Siku mbili baadaye, katika fainali, ilikuwa zamu ya India. Wachezaji wake wawili chipukizi, Nihal Sarin na Divya Deshmukh, walipoteza mawasiliano wakiwa katikati ya michezo dhidi ya Urusi na muda ukawaishia. Rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua kwamba mataifa yote mawili yapewe dhahabu.

Uamuzi huo ulipokelewa kwa hisia mseto. Warusi walikuwa wakiongoza ubaoni, na baadhi yao waliona kwamba wamenyang'anywa nusu ya ushindi wao. Waarmenia nao walikuwa na haki ya kuuliza mbona huruma hiyo haikuwafikia wao saa 48 kabla. Maoni yangu ni kwamba FIDE ilitenda wema mahali ambapo ilipaswa kuwa na kanuni.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na huduma za intaneti zikadorora kutoka Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Mchezaji aliyekuwa na pambano siku hiyo, awe na kipaji cha namna gani, hakuwa na la kufanya.

Yapo lakini yanayoweza kufanywa. Mchezaji wa kiwango cha Ding hutakiwa kuwa na njia mbili za intaneti kutoka kampuni mbili tofauti, na kompyuta iungwe kwa waya badala ya kutegemea mawimbi yanayopenya kuta. Awe pia na betri ya akiba ya kuwasha kifaa cha intaneti stima inapopotea, kwa kuwa kompyuta ya kupakata itaendelea kuwaka lakini kifaa kile hakitawaka. Hayo ni maandalizi sawa na ya mkimbiaji anayekagua viatu vyake, na ni ajabu jinsi wachezaji wengi hodari walivyochelewa kuyachukulia kwa uzito.

Mkono nao hucheza

Katika ubao wa kawaida kuna kanuni ambayo hata wacheza drafti wa vibarazani huijua: ukigusa, umecheza. Mkono unapoinuka kuielekea kete, akili hupata nafasi ndogo ya mwisho ya kusita. Wengi wameokolewa na nafasi hiyo.

Mtandaoni nafasi hiyo ni finyu mno. Kipanya kikiteleza kidogo, ngome iliyokusudiwa kumlinda mfalme hutua mraba wa jirani na kuliwa na farasi. Hakuna kuomba radhi. Mchezaji huona kosa kabla hata hajatoa kidole kwenye kitufe.

Aidha, kuna hila ambayo ubao wa mbao hauna kabisa. Mchezaji anaweza kuiagiza kompyuta hatua yake wakati mpinzani bado anafikiri, na mpinzani akishacheza tu, jibu hutoka lenyewe bila kula muda wa maana. Aliyezoea mbinu hii anaweza kucheza hatua kumi kwa sekunde mbili. Asiyeizoea atapoteza mchezo aliokuwa akiushinda, huku mkono wake ukitafuta kete kwenye skrini.

Hapa ndipo Mmarekani Hikaru Nakamura alipojijengea ufalme. Alitwaa taji la Speed Chess Championship mara tano mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2022. Mnamo Agosti 2020 alimsumbua Carlsen kwa siku saba za fainali ya msururu wa mashindano ya mtandaoni, wakafungana seti tatu kwa tatu, na Carlsen akaponea katika mchezo wa mwisho kabisa ambao sare ilimtosha kushinda. Katika sataranji ya muda mrefu, pengo kati ya wawili hao lilikuwa kubwa zaidi. Kompyuta ilikuwa imelifupisha.

Kwa Ding, ambaye hulka yake ni kuzama ndani ya hali ngumu na kutafuta hatua bora hadi dakika za mwisho, kuzoea haya hakukuwa jambo dogo. Udhaifu wake wa saa ulionekana hata ana kwa ana. Katika mchezo wa saba wa fainali ya ubingwa wa dunia dhidi ya Ian Nepomniachtchi mjini Astana mwaka wa 2023, aliganda akiitazama saa ikipungua, akabakiwa na sekunde chache za kucheza hatua nyingi, na akashindwa. Hatimaye alishinda taji hilo, tena katika michezo ya haraka ya nyongeza! Lakini mtu anayeweza kuganda hivyo mbele ya ubao yuko hatarini zaidi mbele ya skrini.

Dawa yake haipendezi masikioni mwa wasomi wa mchezo huu. Ni lazima mkono ufanyishwe mazoezi kama wa mpiga kinanda. Ni lazima mchezaji achague mifunguo ambayo hali zake anazifahamu kiasi cha kutohitaji dakika tatu za kutafakari katika hatua ya kumi. Na ni lazima ajiwekee kanuni ya saa, kwa mfano kwamba akifika hatua ya 20 awe na angalau theluthi moja ya muda wake. Wakamilifu huchukia kanuni ya aina hiyo kwa kuwa inawalazimu kucheza hatua nzuri wakati wanajua kuna iliyo bora mahali fulani.

Usiku wa manane

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye rekodi za michezo, nalo ni usingizi.

Mashindano makubwa ya mtandaoni yamekuwa yakipangwa kufuata jioni ya Ulaya. Mei 2022, Mhindi R. Praggnanandhaa, wakati huo akiwa na umri wa miaka 16, alipomshinda Anish Giri wa Uholanzi katika nusu-fainali, ilikuwa saa nane usiku kwao. Kijana huyo alisema kwamba anatakiwa awe shuleni kabla ya saa tatu asubuhi, kwani alikuwa na mitihani.

Kisa hicho kilichekesha wengi. Lakini wakati India ni saa nane usiku, China ni saa kumi na nusu alfajiri, na ni huko ndiko Ding alikokuwa. Aliyeketi Oslo alikuwa akicheza baada ya chakula cha jioni, ilhali mwenzake wa China alikuwa akipigana na Carlsen na usingizi kwa wakati mmoja.

Pamoja na hayo, Ding alimwangusha Carlsen, kisha akamshinda Praggnanandhaa katika fainali baada ya michezo ya nyongeza. Nini kilikuwa kimebadilika tangu 2020?

Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amekosa safari ya Berlin kwa sababu ya matatizo ya viza (kilio ambacho wanamichezo wetu wanakijua vyema). Kisha Machi 2022 FIDE ikampiga marufuku Mrusi Sergey Karjakin, na nafasi moja ikapatikana katika mashindano ya kumteua mpinzani wa bingwa. Ding alikuwa na alama za kuistahili nafasi hiyo ila hakuwa ametimiza idadi ya michezo inayotakiwa. Shirikisho la nchi yake likamwandalia michezo chapuchapu, naye akacheza michezo 28 rasmi kati ya Machi na Aprili, akaitimiza idadi na kupanda hadi nafasi ya pili duniani.

Alipofika mbele ya kompyuta mwezi wa Mei, kwa hivyo, alikuwa ametoka vitani. Ding wa 2020 alikuwa ametoka karantini. Kwa mtazamo wangu, tofauti hiyo ilikuwa na uzito kuliko hila yoyote ya kipanya. Anayetaka kufana mtandaoni hana budi kucheza kwingineko pia, mbele ya mtu anayepumua, michezo mirefu inayouma ikipotea.

Ushahidi mwingine upo kwa Gukesh Dommaraju, kijana wa Chennai aliyempokonya Ding taji la dunia Desemba 2024 nchini Singapore akiwa na umri wa miaka 18. Amekulia katika zama za intaneti, lakini mkufunzi wake Vishnu Prasanna alimzuia kutumia programu za kuchanganua michezo katika miaka yake ya kukua, ili akili ijifunze kuhesabu yenyewe. Gukesh alimshinda Carlsen mtandaoni Oktoba 2022. Hata hivyo, kadiri saa inavyofupishwa ndivyo naye anavyoyumba. Mjini Zagreb, Julai 2025, aliongoza katika sehemu ya michezo ya haraka kisha akaporomoka ilipofika zamu ya ile ya kasi zaidi, na Carlsen akampita.

Shaka na kamera

Suala la udanganyifu nalo huathiri matokeo kwa njia isiyosemwa sana. Programu iliyo ndani ya simu ya kawaida leo inacheza kuliko bingwa yeyote wa dunia. Mwaka wa 2022 Mmarekani Hans Niemann alikiri kwamba aliwahi kudanganya mtandaoni akiwa na umri wa miaka 12 na tena akiwa na 16, na tangu wakati huo kila ushindi usiotarajiwa huzua minong'ono.

Hapa Nairobi, Aprili 2023, mwanamume aliyevaa buibui na kuficha uso aliingia kundi la wanawake katika mashindano ya Kenya Open na kuwabwaga kadhaa kabla ya kutambuliwa. Miongoni mwa vilivyomtoa ni viatu vyake. Mtandaoni waamuzi hawaoni viatu. Huona tu kile ambacho kamera inawaonyesha, na ndiyo sababu wachezaji hutakiwa kuwa na kamera zaidi ya moja. Mchezaji anayejua kwamba akiinua macho kutazama dari ataonekana kama mwizi hafikirii kama alivyozoea kufikiri. Hilo pia ni la kufanyiwa mazoezi.

Kwa wachezaji wetu

Mchezaji wa Kisumu au Mombasa anayetaka kupambana na Grandmasta alikuwa, miaka ishirini iliyopita, na njia moja tu: kutafuta nauli na viza. Leo anaweza kumpata usiku huu huu kwa gharama ya bando. Tena sisi tuna bahati ambayo Ding hakuwa nayo. Saa kumi na mbili jioni ya Ulaya ni saa moja au saa mbili usiku kwetu, muda mwafaka kwa aliyemaliza kazi na kula.

Lakini wengi wetu huitumia bahati hiyo vibaya. Kijana hucheza michezo arobaini ya dakika moja moja hadi saa saba usiku, akishindwa anabofya kutafuta mwingine wa kulipiza kisasi, na asubuhi hakumbuki hata mmoja. Afadhali angecheza miwili ya dakika 15 na sekunde kumi za nyongeza kwa kila hatua, kipimo ambacho magwiji walitumia mwaka wa 2020, kisha akae na daftari na kuandika ni wapi alipotea kabla hajaiuliza programu yoyote.

Waandalizi wa dunia nao wamejaribu kutibu tatizo la nyaya kwa namna yao. Katika Kombe la Dunia la Michezo ya Kielektroniki mjini Riyadh, Saudi Arabia, mwaka wa 2025, ambapo sataranji iliingizwa kwa mara ya kwanza kwa zawadi ya jumla ya dola milioni 1.5, wachezaji waliketi kwenye ukumbi mmoja, kila mmoja na kompyuta aliyowekewa, kwa michezo ya dakika kumi bila nyongeza ya hata sekunde moja. Carlsen alitwaa taji kwa kumshinda Alireza Firouzja wa Ufaransa katika fainali. Hapakuwa na wa kulia kwamba waya wake ulikatika.

Ila nafasi nyingi za kuingia ukumbi huo zilishindaniwa mapema mwaka huo mtandaoni, kila mtu akiwa kwake, kwa waya wake na stima yake.